Barua Mbili za Mwandishi Mmoja

Lifti ya jengo la mahakama ilikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, saa tano asubuhi, ikiwa imebeba watu wanane. Wengine walipiga kelele, wengine walisali. Mwanamke mmoja aliyevaa gauni la rangi ya machungwa alitoa kalamu akaanza kuandika malalamiko.

Mlango ulipobanduliwa, uso wa mwanamume ulitokea juu yao, una jasho na doa la grisi shavuni.

"Haya, ndugu zangu, mmoja mmoja. Nani mzito aanze?"

"Wewe ndiye fundi?" aliuliza mwenye gauni la machungwa. "Nina barua yako hapa. Nimefika aya ya pili."

"Ya mapenzi?"

"Ya kukufukuzisha kazi."

"Basi nipe mkono kwanza. Utaimalizia huku juu kwenye hewa."

Alimvuta juu. Barua haikumalizwa.

Pale mahakamani kila mtu alimwita yule mwanamke Dada Kalamu. Kibanda chake ng'ambo ya barabara kilikuwa na meza, kompyuta, printa yenye kikohozi na viti viwili vya wateja. Aliwaandikia watu maombi, malalamiko na barua za kulainisha wakubwa wenye mioyo migumu, na kazi yake aliijua. Kitu kimoja tu hakuwahi kufanya: kwenda kujionea. Mteja alisema, yeye aliandika. Kama mteja alisema jua ni la kijani, Dada Kalamu aliliandika la kijani, na hakimu alitoka nje kulitazama.

Fundi alianza kupita kibandani kila siku, na siku asipopita alipiga simu.

"Kalamu wangu, umekula?"

"Nani kakwambia mimi wako?"

"Umepokea kabla simu haijaita mara mbili."

"Kidole kiliteleza."

"Kiambie kiteleze tena kesho."

Alimwambia kwamba alifiwa na mke mwaka uliopita na kwamba ana binti wa miaka saba. Binti huyo walimpa jina la Chiriku kwa sababu alikuwa hanyamazi hata akipiga mswaki. "Siku hizi yuko kimya," alisema, kisha akabadilisha mazungumzo. Dada Kalamu hakumchimba. Alikuwa ameshaanza kununua hereni, na mwanamke aliyefika hapo huwa hataki kusikia mengi.

Jumatatu moja Fundi alikuja na shati jeupe lililonyooshwa vizuri na bahasha mkononi.

"Mama mkwe anamtaka mtoto," alisema. "Amemwandikia Afisa Ustawi. Kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nijibie, Kalamu. Wakimchukua Chiriku, mimi sina tena sababu ya kuamka asubuhi."

Dada Kalamu aliifungua ile karatasi, na kabla hajasoma neno aliitambua. Aliutambua mpangilio wa aya, na ule mstari mwembamba ambao printa yake iliuacha pembeni. Mwezi uliopita mama mmoja mwenye gauni jeusi alikaa kwenye kiti hichohicho akilia bila sauti. Jina la mkwe wake liliandikwa, lakini pale mahakamani mkwe huyo alikuwa Fundi tu, na majina mawili hayakuwahi kukutana kichwani mwa mwandishi.

Kidole cha Fundi kilitua katikati ya ukurasa. *Mtoto huyu analelewa na simu ya maiti.*

"Hii ndiyo iliyonimaliza. Marehemu alirekodi sauti kwenye simu yake: sipo karibu, acha ujumbe, nitakupigia. Laini sikuifunga. Chiriku akitoka shule saa kumi alikuwa akipiga kwa simu yangu, anamsimulia mama yake siku yake, dakika tano, kisha anakula na kucheza. Niliposoma hii nikaona aibu, nikamkataza. Tangu siku hiyo hajafungua mdomo." Alimtazama usoni. "Mtu anayeandika kitu kama hiki ana moyo wa namna gani?"

"Sijui," alisema Dada Kalamu.

Ilimtoka hivyo tu, neno moja dogo, na ikawa ameshamdanganya. Alikumbuka jinsi alivyojipongeza siku alipoipata ile sentensi, akaisoma kwa sauti ili aisikie inavyokata. Sasa ilimfuata. Aliisikia akichana nywele, aliisikia printa ikikohoa, na kila saa kumi ilipofika ilisomwa masikioni mwake kwa sauti ya mtoto asiyemjua. Alitaka kulia kwa woga.

Kwa mara ya kwanza katika kazi yake alisema, "Nataka kwenda kuiona nyumba."

Ilikuwa vyumba viwili safi, ghorofa ya tano. Kitenge cha marehemu kilikuwa bado kimening'inia nyuma ya mlango. Chiriku alikuwa sakafuni akichora, sare yake imefungwa vifungo vyote.

"Mwambie anti shikamoo," baba yake alimkumbusha.

Midomo ya mtoto ilicheza, sauti haikutoka. Aligeuza karatasi akaendelea upande wa pili.

Fundi alifungua droo ya kabati chumbani, akatoa simu. Alikuwa hajaigusa tangu siku ya barua, ila ilibaki kwenye chaja. Kioo kilipowaka, wote wawili waliinama kusoma simu zilizokosa kupokelewa. Kulikuwa na *Wangu, Wangu, Wangu*, ndivyo marehemu alivyomhifadhi mumewe, kila siku saa kumi, kisha zikakatika. Kati yake na baada yake kulikuwa na jina jingine ambalo halikukatika. *Mama.* Jana saa mbili asubuhi. Juzi saa mbili asubuhi. Leo.

"Anapiga!" Fundi alinong'ona, kisha akacheka kicheko kibaya. "Ananishtaki mimi na yeye mwenyewe anapiga! Tumemshika, Kalamu. Andika hilo. Mmalize."

Dada Kalamu aliketi kitandani.

"Siwezi kummaliza. Sentensi ile si yake, ni yangu. Mimi ndiye niliyemwandikia."

Upande wa pili wa ukuta penseli ya mtoto ilisikika ikikwaruza.

"Ulikuwa unajua tangu Jumatatu?"

"Tangu Jumatatu."

"Na ukaniambia hujui."

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite hivyo ndani ya nyumba hii. Toka."

Alitoka. Simu zake hazikupokelewa siku hiyo wala siku iliyofuata, na hereni alizivua.

Mwingine angeishia kulia. Dada Kalamu alilia, kisha akafunga kibanda siku tatu na kuanza kutembea. Mwalimu wa darasa alimfungulia daftari la mahudhurio: Chiriku hajakosa hata siku moja, na anayemleta na kumchukua ni baba yake. Mshauri wa watoto hospitalini alimweleza kwamba mtoto aliyefiwa kuzungumza na mama yake si wazimu, na kwamba kumnyamazisha ghafla kunaumiza zaidi. Jirani wa mlango wa pili alimpa jambo asilolitaka: kwa miezi minane Fundi hakuwahi kumpeleka mtoto kwa bibi yake, na bibi alipokuja kugonga hakufunguliwa. Aliliandika nalo.

Mwisho alikwenda kwa mteja wake wa kwanza.

"Umenigeuka," mama mkwe alisema baada ya kusikiliza. Hakumkaribisha kiti.

"Nimekukosea, mama. Wewe uliniambia unaumia wakiipiga simu ile. Hayo ya kulelewa na maiti niliyatunga mimi. Nitamwambia Afisa, na nimekuja kukwambia wewe kwanza."

"Ningekwambia nini tena? Ninachotaka ni kumwona mjukuu wangu. Mkwe wangu ananikimbia. Najua kwa nini. Kila aliyetujua atakwambia, mimi na mwanangu tulikuwa na sauti moja." Alishika ukingo wa mlango. "Nikizungumza, anamsikia yeye."

Dada Kalamu hakutaja saa mbili asubuhi. Hakuitaja kwenye barua pia.

Alhamisi walikaa watatu mbele ya meza ya Afisa Ustawi, mama mmoja mwenye miwani asiyependa maneno mengi. Alisoma kwa sauti barua ya pili, ambayo Dada Kalamu alimpelekea mwenyewe. Ilianza hivi: *Mimi ndiye niliyeandika barua ya kwanza. Sikuwa nimeikanyaga nyumba hiyo.* Ikafuata daftari la mahudhurio, maneno ya mshauri, kisha kosa la baba, wazi kabisa: ameufunga mlango kwa bibi aliyefiwa kama yeye. Ilimalizia kwa kuomba mtoto abaki na baba, na bibi apewe saa zake.

Fundi aliinamisha kichwa. Mfukoni mwake alikuwa na simu ya marehemu, na mkono ulikuwa juu yake. Alimtazama mama mkwe, gauni lake jeusi, na mkono akautoa mtupu.

"Hata mimi napiga," mama mkwe alisema ghafla. "Kila asubuhi. Asinyimwe mtoto kitu ambacho mimi mwenyewe siwezi kukiacha."

Fundi alifumba macho. Sauti ilikuwa ileile, lakini safari hii hakukimbia. Alivuta kiti chake karibu na cha mama mkwe, akasema, "Nisamehe, mama," na wote wawili wakalia mbele ya serikali. Afisa alifuta miwani, akaandika: mtoto abaki kwa baba, bibi ampokee shuleni siku tatu kwa wiki.

Dada Kalamu alishuka kwa ngazi. Habari ilikuwa imeshaenea mahakamani kwamba amemgeuka mteja, na viti vyake viwili vingekaa vitupu kwa muda mrefu. Ghorofa ya pili alisikia viatu vizito nyuma yake.

"Kalamu."

Alisimama bila kugeuka.

"Sentensi ile bado naisikia," Fundi alisema.

"Mimi pia."

"Nikikuona naisikia. Nisipokuona naisikia zaidi, halafu na wewe hupo." Alishuka ngazi mbili. "Kesho Chiriku anahitaji viatu vya shule. Mimi sijui kuchagua. Njoo."

"Nije kama nani?"

"Kama mtu nitakayemuoa, nikimaliza kukasirika."

"Utamaliza lini?"

"Sijui," Fundi alisema. "Njoo hivyohivyo."