Fiete na Mkate wa Zabibu

Nyumbani kwetu, hapa Leer, mji wa kaskazini mwa Ujerumani, saa tisa alasiri ni saa ya chai. Mama humimina chai ya moto juu ya bonge la sukari, nasi hunyamaza kulisikia likipasuka. Kisha hukata mkate wa zabibu na kuupaka siagi. Zamani niliipenda saa hiyo kuliko zote. Fiete alipokuja, nikaanza kuichukia.

Fiete alikuwa mbwa mweusi wa miezi saba, sikio moja limesimama, jingine limelala. Tulimchukua kwenye makao ya mbwa waliotelekezwa. Mimi, Tomke, ndiye niliyemlilia Baba miezi minane, nikaapa kumtembeza kila alfajiri. Lakini mvua ya Novemba ilinishinda upesi. Nilijifunika blanketi, na mdogo wangu Onno, mwenye miaka tisa, akavaa buti akatoka naye.

Sasa kila saa ya chai Fiete alilala juu ya miguu ya Onno.

"Fiete, njoo kwangu," niliita.

Alinitazama, akapiga mwayo.

Onno akacheka. "Dada, hata jina lako halijui."

"Nyamaza, mwenye makamasi! Huyu mbwa ni wangu!"

"Wako? Basi kesho amka wewe."

Nilishikwa na wivu, tena wivu wa kumwonea mtoto wa miaka tisa! Walipoondoka mezani, nilimwita Fiete jikoni, nikampa kipande cha mkate. Mkia ukachezacheza. Nikampa cha pili, na cha tatu. Alinilamba mkono hadi kwenye kiwiko. Nilijiona malkia.

Haikupita saa moja, Fiete akaanza kutapika na kutetemeka.

Tukamkimbiza kwa daktari wa wanyama, mama mmoja mrefu aitwaye Hilke. Alimpapasa tumbo. "Amekula nini?"

"Chakula chake tu," alisema Mama, kisha akamgeukia Onno. "Au umempa kitu? Wewe ndiye unayemlisha."

"Sijampa, Mama! Haki ya Mungu!"

"Sema kweli, Onno. Watu wa makao walituonya. Tukishindwa kumtunza, watamchukua."

Kitu kibaya ndani yangu kilifurahi. Acha akaripiwe! Lakini Onno alikuwa amevua koti lake, akilikunja chini ya kichwa cha Fiete huku machozi yanamdondoka. Hakunitazama hata mara moja.

"Nisipojua alichokula, nitamtibu kwa kubahatisha," alisema daktari. "Na muda unakwenda."

"Ni mimi," nilisema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Nimempa mkate wa zabibu. Vipande vitatu."

Daktari alikuwa ameshafika kabatini. "Zabibu ni sumu kwa mbwa. Huharibu figo. Mshikeni, nimchome sindano azitapike zote."

Fiete alilazwa siku mbili, akiwekewa dripu, akapona.

Siku ya kumchukua, mlango ulipofunguliwa, alinipita mbio akamrukia Onno. Wivu ukanichoma tena, palepale pa siku zote.

"Inauma, sivyo?" Daktari Hilke aliuliza.

"Inauma."

"Kuona wivu si kosa, Tomke. Kosa ni kunyamaza mwenzako akilaumiwa, na karibu unyamaze mpaka mbwa afe. Tena sikia: mbwa hanunuliwi kwa mkate. Humpenda anayeamka kwa ajili yake kila siku, mvua inyeshe, isinyeshe. Hiyo ni kazi ya miaka kumi na mitano. Ukiitaka, ianze."

Nilimwendea Onno. "Nisamehe. Nilikuacha ulaumiwe."

Aliendelea kumfunga Fiete kamba.

"Asubuhi Fiete hupenda kupita njia gani?" nikamuuliza. "Nifundishe."

Onno akanipa kamba.

"Kwanza uamke, Dada."