Kompyuta Iliyojua Kungoja

Nyuki-chuma waliinuka kutoka mizinga yao ya juu ya paa, wadogo kama punje za mahindi, wakatanda juu ya mashamba ya alizeti ya Singida kama ukungu wenye haraka zake. Nyuki wa damu walikuwa wameshakuwa adimu. Hawa wa chuma ndio waliobeba chavua ua kwa ua, na walitii sauti moja tu: ya Zaituni.

Zaituni alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Kompyuta yake, iliyowapelekea nyuki amri zake, nayo ilikuwa ya kale, ya kipande kimoja, akili yote imefichwa nyuma ya kioo, kumbukumbu zake zikikaa kwenye diski ya kuzunguka iliyokoroma kama mzee aliyeshiba ugali. Ukiiamuru, ilikohoa kwanza. Msimu uliopita upepo uliikuta inakohoa, ukazoa kundi zima. Ushirika wenye mizinga haukuzunguka mbuyu: akipoteza jingine, mizinga atapewa mwingine.

Ndiyo maana Ntandu, fundi aliyemwoa mdogo wake, alikuja na hifadhi-kimya mfukoni. Ilikuwa nyembamba kama sabuni inayokaribia kwisha, haina kitu cha kuzunguka ndani, na ilikumbuka jambo kabla hujapepesa jicho.

"Shemeji, hii si kompyuta, ni mkokoteni," alisema. "Nilidhani nitamkuta punda nyuma yake."

"Pu-pu-punda..."

"Punda kafa kwa njaa, najua!" Ntandu alimmalizia, kama alivyommalizia siku zote. Aliamini anamsaidia.

Alinakili kumbukumbu zote kwenye hifadhi mpya, akailaza kompyuta kifudifudi juu ya khanga iliyokunjwa. Akagusa nondo za dirisha ili umeme wa mwilini umtoke, akafungua mgongo, akachomoa diski, akakaza mpya mahali pake. Alipobonyeza kitufe, kioo kiliwaka kabla hajaondoa kidole. Zaituni alicheka mpaka machozi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

Alasiri vumbi likasimama upande wa Ziwa Kindai. Upepo ulikuwa unakuja.

"Ru... ru..." Zaituni alianza.

"Amri haijakamilika," kompyuta ilijibu papo hapo, kwa adabu ya karani. "Kazi inaendelea."

"Ru-ru..."

"Amri haijakamilika. Kazi inaendelea."

Nyuki wakazidi kuzama kwenye maua, vumbi likiwakaribia. Ntandu akapaza sauti: "Rudini nyumbani!"

"Sauti ngeni," ikasema kompyuta.

Hapo ndipo fundi alipoelewa. Ile ya zamani ilipokuwa ikikohoa, Zaituni alikuwa akimaliza neno. Uzito wake ndio uliokuwa subira. Hii mpya ilitengenezwa kwa watu ambao maneno yao hutiririka, wala walioitengeneza hawakuwa na ubaya. Hawakumkumbuka tu mtu kama Zaituni. Mjini zilijaa mashine hizi. Ntandu alijiuliza wenye vigugumizi wa mjini walikuwa wapi, mbona siku hizi hawasikiki.

Vidole vyake vikakimbia kwenye mipangilio. Muda wa kungoja: sufuri. Akauvuta mpaka mwisho.

"Sema sasa, shemeji! Ru..."

Zaituni akamwekea kidole mdomoni. Ntandu akauma ulimi. Kompyuta nayo ikangoja.

"Ru... ru... rudini nyu-nyumbani."

Neno lilipotua, amri ilikwisha kufika. Kundi zima liligeuka kwa pamoja na kumiminika paani kwa kishindo cha mvua ya mawe. Mizinga ilipojifunga, ndipo upepo ulipopiga bati. Zaituni akashusha pumzi. Ile kongwe isingewahi, hilo alilijua. Hata hivyo aliiokota diski, akaifuta vumbi na kuiweka juu ya kabati, pamoja na vikombe vya wageni.

Kisha akamgeukia Ntandu.

"A... a..."

Ntandu alilijua neno. Lilimwasha ulimini. Akaegemea ukuta, akangoja.

"A-asante, shemeji." Ntandu akafungua mdomo kuitikia, lakini Zaituni alikuwa hajamaliza. "Na yu-yule punda uliyekuwa u-unamtafuta... ni-nimemwona. Ame-ameshika bisibisi."

Ntandu alicheka hadi akakaa chini. Miaka yote ya ushemeji wao, hakuwahi kujua kwamba Zaituni ni mcheshi.