Gitaa Kati ya Mbegu za Viazi

Lenah alikuwa stoo akichambua viazi vya mbegu, vilivyooza huku, vizima kule, alipoona kwamba machipukizi ya kreti la mwisho hayakuelekea dirishani. Kiazi hufuata mwanga. Hivi vilikuwa vimeupa mwanga kisogo, vyote vimeinamia kona yenye magunia matupu. Chini ya magunia hayo alikuwa ameficha gitaa.

Binti yake Kagure akatokea mlangoni.

"Mama, Mama Tabby yuko kwa geti. Anauliza kama kuna mtu ameona gitaa ya mzee wake."

"Umemwambia nini?"

"Aingie, chai iko."

Kiunga, mume wa Mama Tabby, alizikwa mwezi uliopita. Ndiye aliyepiga gitaa kwenye harusi na ibada za nyumbani katika kijiji chote cha Kibirichia, na tangu usichana Lenah alikuwa akiviangalia vidole vyake badala ya kusikiliza mahubiri. Alipomwambia mamake kwamba anataka gitaa, mamake alicheka. "Msichana wa gitaa ataolewa na nani?" Basi akajifunza kubana nyuzi zisizokuwepo kwenye mpini wa jembe, peke yake shambani. Akaolewa, akazaa, mpini ukabaki mpini. Siku ya mazishi, watu wakiwa bado kwenye foleni ya chakula, mdogo wa Kiunga alimwita nyuma ya ua akamuuzia gitaa likiwa ndani ya gunia. Lenah alijua halikuwa lake kuuza. Alilipa upesi kabla muuzaji hajabadili nia, kisha akarudi, akashika sahani yake na kumpa Mama Tabby pole.

Hakuwahi kulipiga. Kila alipolitoa, vidole vilikataa.

Sebuleni, mumewe Mwenda alikuwa akimmiminia mgeni chai. Lenah hajaketi, uzi mmoja ukalia huko stoo. Kisha wa pili.

"Panya," Lenah akasema.

"Panya huyo amesomea muziki," akasema Mwenda.

"Baba, ni jini?" Kagure akanong'ona.

"Majini ni ya Mombasa. Hayawezi baridi ya hapa." Mwenda akamsogezea mgeni kikombe chake.

Nyuzi zikashika wimbo, polepole kwanza, kama mtu anayepasha vidole joto, kisha kwa uhakika, na chini ya mlango ikaingia harufu ya udongo uliochimbwa leo pamoja na ile dawa ya kuchua ambayo Kiunga alijipaka mikononi kabla ya kupiga, ikatambaa sakafuni, ikapanda kwenye viti, ikamfikia Lenah kooni, naye hakuthubutu kumwangalia Mama Tabby kwa sababu alijua Mama Tabby alikuwa akimwangalia yeye.

"Huo ni mkono wa mzee wangu," akasema mjane. "Anapiga kwako tangu lini?"

"Tangu mazishi," Lenah akajibu kwa sauti ndogo. "Kila jioni nikipika peke yangu. Nilijiambia ni upepo."

"Na umempa nini?"

"Sijamfukuza."

"Sijakuuliza hivyo. Kiunga hakuwahi kulipwa pesa. Nyumba ikimwita anapiga, anakula, anarudi kwake. Wewe umemchukua hadi kwako, amekupigia mwezi mzima, na hujampa hata kiazi."

Lenah alikuwa amejiandaa kuitwa mwizi. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Hakuna mtu aliyewahi kutoka mlangoni pake na njaa, na jambo hilo ndilo lililokuwa jina lake kijijini. Alihisi uso ukiwaka mbele ya binti yake.

Akaenda stoo, akalitoa gitaa, akaliegemeza kwenye kiti kitupu mezani. Wimbo ukakoma. Akapakua mukimo, viazi vilivyopondwa pamoja na mahindi, sahani tano, kubwa akaiweka mbele ya kiti hicho. Mwenda akaomba, maneno machache.

"Akishiba ataenda?" Lenah akanong'ona.

"Alikuwa akirudi gitaa lilipokuwa. Leo naondoka nalo. Kama amenifuata, utajua kesho ukiwasha jiko."

Kiti kikalia, kama kinavyolia mzee anapoketi. Hakuna aliyeinua macho. Lenah akawahesabu waliokuwa mezani, kama afanyavyo kila jioni: Mwenda, Kagure, Mama Tabby, yeye mwenyewe. Kijiko cha tano kikakwangua sahani hadi chini.

"Muongeze," akasema Mama Tabby.

Lenah akainuka na upawa. Wote walikuwepo.