Fungu la Tarishi wa Tanga

Mektrida, mjane wa marehemu Sirili, tulipakana naye shamba kule Mwika, na hakuwa mtu wa kuzua mambo. Siku hiyo ya mwaka 1995 alikuwa kihambani, shamba la nyumbani, anachimba shimo la mbolea kati ya migomba na kahawa. Ilikuwa saa sita mchana, ukungu umeshuka. Jembe likagonga chuma.

Lilikuwa kasha. Ndani, rupia za fedha tele, kila moja ina kichwa cha Mjerumani mwenye kofia ya vita.

Akamwita shemeji yake Aminieli, aliyekuwa karani wa benki Tanga mpaka alipopunguzwa kazi. Wakalibeba kasha hadi sebuleni.

"Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Wajerumani walitoa noti za karatasi," Aminieli alieleza. "Watu hawakuziamini. Mwenye fedha aliifukia. Waingereza walipoingia, noti zikawa za kuwashia moto."

"Hizi zimefikaje huku?"

"Baba alikuwa tarishi wa benki kule Tanga. Alikimbia vita na tarishi mwenzake, Mwinyihaji, mtu wa Tanga. Bibi alisema walifika wote wawili, na kasha lao." Sauti ikashuka. "Asubuhi akabaki baba peke yake."

"Hodi," mtu akaita nje.

Mektrida akafungua mlango. Mzee mgeni alisimama kizingitini, kanzu imemgandama mwilini, inachuruzika maji. Mvua haikuwapo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchukua fungu langu."

Aminieli akalikumbatia kasha. "Hakuna kitu chako hapa."

Mzee akamtazama. Hakupepesa jicho. "Wewe mtoto wa nani?"

Aminieli akajikuta anataja jina la baba yake. Mzee akatabasamu, akaingia. Hatua moja. Ya pili. Sakafu haikutoa sauti.

"Basi baba yako atalipa kwa mtoto."

Aminieli akaanza kukohoa. Akakohoa maji yenye harufu ya bahari. Maji yakamtoka mdomoni na puani, macho yakamtoka pima.

"Mpe!" Mektrida akanong'ona. "Shemeji, mpe!"

Hakuweza kuachia. Mektrida akamnyang'anya kasha, akalisukuma miguuni pa mgeni. Mzee akachuchumaa, akagawa rupia mafungu mawili, polepole. Akafunga lake kwenye upindo wa kanzu.

"Ahsante, mwanangu. Wewe mtu wa haki."

Akatoka. Mektrida alimwona akiingia kwenye ukungu, akielekea kwenye shimo. Hakutokea upande wa pili.

Kesho yake walichimba zaidi. Chini ya pale alipokuta kasha palikuwa na mifupa ya mtu, fuvu limepasuliwa kwa nyuma. Shehe kutoka Majengo, mjini, akaja, wakamzika kwa heshima zote. Fungu lililobaki Mektrida alilipeleka msikitini, hakutaka hata moja. Aminieli akapona.

Jioni ya maziko Mektrida alikwenda kukamua ng'ombe wake, aliyezaliwa na kufungiwa zizini pale pale Mwika. Maziwa yalikuwa na chumvi. Akayamwaga, akainamia ndoo kuisuuza.

Ndani, kwenye kitako, kulikuwa na mchanga mweupe wa pwani, wa kwao Mwinyihaji.