Bildi ya Ghala la Chini

Mkasa huu ulimpata rafiki yangu, fundi wa kukarabati ramani za bahari kwenye jumba la makumbusho. Si mtu wa kutia chumvi, ndiyo maana namwamini.

Adhuhuri moja mkuu wake alimwambia, "Dada, hebu niletee ile bildi kutoka ghala la chini. Wageni wanataka kuona mabaharia wa zamani walivyopima kina cha bahari."

"Naenda. Nikichelewa, msininywee chai yangu."

Bildi ni kipande kizito cha risasi kilichofungwa kamba. Aliikuta rafuni, akaibeba, na hapo hapo umeme ukakatika. Gizani risasi ikamponyoka. Alisubiri kishindo kwenye sakafu ya saruji, asikisikie. Alichosikia ni kamba ikiteremka, shaa, shaa, ikipita viganjani mwake. Aliing'ang'ania kwa nguvu zote. Ikamchubua ngozi na kuzidi kushuka. Kamba ile haikuzidi mita thelathini, lakini ilishuka dakika nzima, kisha nyingine.

Halafu ikasimama. Kutoka chini, ikavutwa mara mbili, polepole, kama mtu abishaye hodi.

Hajui kwa nini mkono wake uliivuta mara mbili kujibu.

Taa zilipowaka, sakafu ilikuwa kavu, haina hata ufa. Risasi haikuwepo. Ncha ya kamba ilikuwa imelowa, imepigwa fundo jipya, safi kabisa, na fundo lile lilikuwa bado na joto la mkono.