Munyu wa Bondeni

Ng'ombe wa Watiri walipenda munyu kuliko nyasi. Munyu ni udongo wa chumvi. Mumewe, Wahome, aliuchimba bondeni, chini ya shamba lao la Wamagana. Baba yake alichimba hapo, na kwa Wahome kawaida ni kama sheria. Chemchemi ya karibu ilitoa mapovu. Maji yake yalikuwa machachu, yenye chumvi.

Asubuhi moja tulivu, Watiri aliinama shimoni kuchukua ndoo iliyolala humo. Usingizi mtamu ukamjia. Ukungu ukawa mzito kama maziwa. Mlima Kenya ukaelea machoni pake. Akamsikia marehemu mama yake akimwita kwa upole, akatamani kwenda.

Mtu akamvuta leso kwa nguvu. Alikuwa Phyllis, jirani yao, ambaye kazi yake ni kuchunguza mawe.

"Wahome, toa mguu kwa shimo!" Phyllis alimpigia kelele Wahome, aliyekuwa amekuja mbio na kutia mguu shimoni.

Aliwasha karatasi kwenye ncha ya fimbo, akaishusha. Moto ukazimika papo hapo.

"Ati nini imezima moto?" Wahome aliuliza.

"Kaboni dayoksaidi, ile hewa iko kwa soda. Ni nzito, inajaa kwa shimo kama maji. Haina harufu. Ukiingia, unalala, hauamki."

Watiri alisogea mbali na shimo. Wahome naye hakukubali haraka.

"Lakini mawe imekuwa laini. Munyu mzuri uko karibu!"

"Hiyo hewa ndiyo imelainisha. Inatoka chini sana. Ikiingia kwa maji ya chumvi, maji inakuwa kali, inakula jiwe polepole mpaka inageuka udongo. Huku juu, hewa ikitoroka, ile jiwe iliyeyuka inaganda tena. Inaziba nyufa."

Phyllis aliokota gamba jeupe la jiwe kando ya shimo, akalikamulia ndimu aliyoibeba ya kupimia mawe. Jiwe likatoa povu. Watiri aliliangalia kama yuko ndotoni bado.

"Hewa ingine ilikuwa imefungwa humu," Phyllis alisema. "Siku hizi watu wanaficha hewa kama hii, ya viwanda, chini ya ardhi. Kwanza lazima wajue: mawe italiwa, ama itaziba?"

"Na sisi tumevunja kizibo," Watiri alisema.

Wahome alifukia shimo siku hiyo hiyo, wakalizungushia ua. Sasa yeye hukwangua munyu juu mteremkoni, amesimama, upepo ukimpiga usoni. Ng'ombe wanaulamba vilevile. Wahome huimba akifanya kazi, na huimba vibaya sana. Watiri husikiliza kutoka jikoni, akimshukuru Mungu kwa kelele hiyo.