Okidi ya Marehemu Mama

Duka la taa lilikuwa limefurika wateja nesi alipopenya katikati yao, sare nyeupe, raba miguuni, akauliza taa ya kukuzia maua ndani ya nyumba.

"Kwani chumba chako hakina dirisha, dada?" muuza taa akamtania.

"Linalo, linatazama ukuta wa jirani. Unauza au unahoji?"

Jamani, mapenzi hayabishi hodi! Kufika mwezi wa tatu tangu siku hiyo, muuza taa alikuwa keshaitwa "mpenzi" na ufunguo wa chumba anao. Nesi alipokwenda semina ya siku kumi, akamwachia ua lake la chunguni, okidi ya marehemu mama yake, ambayo tangu msiba haijachanua.

"Maji kidogo tu. Taa usiiguse."

"Nimekusikia, roho yangu."

Hakusikia. Alifunga taa kali kuliko zote dukani, akaisogeza hadi karibu na majani, ili mpenzi akirudi akute maua. Siku ya nne majani yote yalikuwa yameungua. Badala ya kupiga simu aseme ukweli, mwanamume mzima akanunua okidi nyingine, yenye maua ya zambarau, akaiweka palepale.

"Imechanua, mpenzi!" akamlaki.

Nesi alisimama mlangoni, begi bado begani, macho kwenye ile taa kali iliyokaribia maua.

"Ya mama ilikuwa nyeupe," alisema. "Kuiunguza ningekusamehe. Ila ulitaka nimlilie mama yangu mbele ya ua la kununua? Lete ufunguo."

Wiki sita nesi hakupokea simu zake. Mwisho akapiga mwenyewe.

"Ya mama uliitupa wapi?"

"Sikuitupa. Ninayo hapa dukani."

Alifika mbio, sare imemkaa upande. Nyuma ya kaunta, chini ya taa ndogo, okidi ilikuwa haina jani hata moja. Lakini shinani kulikuwa na chipukizi la kijani, dogo kama punje ya mchele.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilishakudanganya mara moja. Sikutaka kukuahidi kitu kabla hakijawa kweli. Nisamehe."

Nesi alilia, akacheka humohumo.

"Itachanua lini?"

"Labda miaka mitatu."

"Miaka mitatu nije kuitazama dukani?"

"Nitakuletea nyumbani."

"Uje nayo, ukae nayo. Ila pitia kwa baba kwanza, umweleze ulivyolichoma ua la mke wake. Akikuacha mzima, ndipo umwombe akuoze mimi."